Upo Texas, bosi yuko New York: Kodi ya mshahara wako ni ya nani?

Unaishi Dallas, jimbo la Texas. Kampuni iliyokuajiri iko Manhattan, New York. Kazi unaifanyia sebuleni, laptopu mezani, chai pembeni. Sasa kodi ya mshahara wako inakwenda wapi?

Wengi hujibu haraka: "Texas haina kodi ya mapato, kwa hiyo silipi kitu." Pole. Unaweza kukatwa na New York sawasawa na mwenzako anayepanda treni kila asubuhi kwenda ofisini.

Hili linawagusa pia Watanzania, Wakenya na Wakongomani walioko Marekani wanaofanya kazi kwa njia ya mtandao.

Kanuni ya kawaida

Marekani kuna kodi ya mapato ya serikali kuu, inayowahusu watu wa majimbo yote, halafu kuna ya jimbo. Majimbo 9, yakiwemo Texas, Florida, Tennessee na Washington, hayatozi kodi kwenye mshahara.

Kwa kawaida, jimbo unaloishi linaweza kutoza mapato yako yote. Jimbo jingine hutoza tu kile ulichopata ukifanya kazi ndani ya mipaka yake. Mkazi wa Georgia mwenye mwajiri California, asiyekanyaga California, kwa kawaida mshahara wake anaulipia kodi Georgia tu.

New York ina yake

Kama ofisi uliyopangiwa iko New York, na unafanyia kazi nje ya jimbo kwa hiari yako, siku hiyo inahesabiwa kana kwamba ulikuwa New York. Unaponea pale tu ambapo kazi yenyewe inamlazimu mwajiri akuweke huko. Kukwepa nauli au kutafuta nyumba ya bei nafuu? Hiyo ni hiari yako. Pennsylvania na Delaware nazo zina kanuni ya aina hii.

Thomas Huckaby, mtaalamu wa kompyuta aliyeishi Tennessee, aliipinga mahakamani. Mwajiri wake alikuwa Queens, lakini takriban robo tatu ya kazi aliifanyia kwake. Mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ya New York iliamua, kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwamba alipie mshahara wote. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri lake.

Nani anaumia zaidi?

Jimbo lako kwa kawaida hukupunguzia kodi kwa kile ulichokwishalipa kwingine. Tuseme New York imekukata dola 5,000 na kwenu ungedaiwa 4,000: kwenu unafutiwa hizo 4,000. Hulipi mara mbili, ila umelipa kile kiwango cha juu.

Lakini mtu wa Texas au Tennessee hana cha kupunguziwa. Ile faida ya kuishi kwenye jimbo lisilotoza kodi inayeyuka.

Majimbo yagombana

Oktoba 2020, New Hampshire iliishtaki Massachusetts kwa kuwatoza watu waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani wakati wa korona. Juni 2021, Mahakama Kuu ilikataa kulisikiliza. Mwaka 2023, New Jersey ikajibu mapigo: jimbo linalowatoza watu wake kwa mtindo huu, nao watu wake watatozwa vivyo hivyo.

Mwenye uwezo wa kumaliza ugomvi huu ni Bunge la Congress, kwa kuweka sheria moja ya nchi nzima. Miswada imepelekwa, haijapita. Si ajabu: kila jimbo linalopata fedha hizi lina wabunge wa kuzilinda.

Wewe ufanye nini?

• Angalia fomu yako ya W-2: imetaja jimbo gani, na limekatwa kiasi gani?

• Muulize mwajiri, kwa maandishi, umepangiwa ofisi ipi. Swali hili uliza kabla ya kusaini mkataba.

• Andika siku ulizofanya kazi na mahali ulipokuwa. Ukikaguliwa, kumbukumbu ya kichwani haitakusaidia.

• Majimbo jirani kama Maryland na Virginia yana makubaliano: mkazi wa moja anayefanya kazi kwa jingine hulipia kwao. Lakini lazima umpe mwajiri fomu husika.

Mwisho wa kujaza fomu za kodi kwa kawaida ni Aprili 15. Kabla ya kuhamia jimbo lisilo na kodi ukidhani umepona, jua kwanza ofisi yako iko wapi kwenye makaratasi.