Panzi wakipatana, kunguru atakula nini?

Wadau, nakumbuka enzi zile nikitaka kumtumia mama pesa. Laini yangu ya mtandao huu, yake ya mtandao ule. Anapata meseji yenye namba, halafu anaanza kuzunguka mtaani kumtafuta wakala wa mtandao wangu. Ndiyo maana wengi wetu tulitembea na laini mbili tatu.

Mwaka 2014 Tigo (sasa Yas), Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja. Vodacom, ambao M-Pesa yao ilianza Tanzania mwaka 2008 na ilikuwa na wateja wengi kuliko wenzake, walijiunga mwaka 2016. Kuchelewa kwao hakunishangazi. Ukiwa mkubwa, ukuta unakulinda: ndugu zake mteja wote wamo humo, atahamia wapi? Ukuta ukibomoka, mdogo ndiye anayepumua kwanza.

Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Kunguru ndio sisi wateja. Je, panzi wakipatana tutalala njaa?

Mimi nasema inategemea wamepatana kwenye nini. Wakipatana kwenye njia, ushindani haufi, unahama tu. Zamani walishindana kutufungia ndani, sasa inabidi washindane kwa makato na huduma. Angalieni minara. Mwaka 2010 Tigo walikubali kuiuzia Helios Towers minara yao, na mwaka 2013 Vodacom nao wakafanya hivyo. Mahasimu wanapanga kwenye mnara mmoja, lakini kwenye vifurushi bado wanakabana koo.

Wakipatana kwenye bei, hapo tumeliwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja. Tatizo ni kwamba meza wanayokaa kujadili ada ya kupitishiana pesa ndiyo hiyohiyo wanayoweza kunong'onezana kuhusu makato yetu. Kwa hiyo sitaki wazuiwe kukaa pamoja, maana mama yangu amefaidika. Nataka Tume ya Ushindani iwe macho, na sisi tuelezwe kwa lugha nyepesi: katika kila shilingi ninayokatwa nikituma nje ya mtandao, nani anachukua ngapi?

Tusipouliza, hakuna atakayetuambia. Au mnasemaje?