Semina Imefana, Zahanati Ina Kufuli

Wadau, leo mtanisamehe, nina donge kooni.

Hivi karibuni nilitumwa kuripoti semina ya "kuwajengea uwezo" watumishi wa afya. Hoteli yenye kiyoyozi, begi jipya, chai ya saa nne na sambusa. Mgeni rasmi akaja saa tano, akafungua, akapigwa picha, akaondoka. Mchana nikakaa meza moja na muuguzi wa zahanati ya kijijini. Nikamuuliza: dada, leo nani yuko kazini? Akacheka kidogo. "Tuko wawili, mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Nimefunga kufuli."

Kufuli! Yaani mama aliyebeba mtoto anayechemka homa anakuta mlango umefungwa, kwa sababu mhudumu yuko mjini anafundishwa namna ya kumhudumia.

Kabla hamjanirukia: sipingi mafunzo. Napinga usanii. Ushahidi kwamba mafunzo yanaokoa maisha uko hapa hapa, Rufiji na Morogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada ulianza na swali moja: watu wetu wanakufa kwa nini? Wadadisi wakapita nyumba kwa nyumba. Ikaonekana Morogoro malaria ilikuwa inabeba asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa maradhi na vifo, wakati bajeti ya 1996 iliipa asilimia 5 tu! Timu za afya za wilaya zikapewa chati rahisi za kusoma takwimu hizo, zikapanga fedha zenyewe. Watumishi wakafundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu, si homa peke yake. Vituo vya afya vikapewa jukumu la kusimamia zahanati za jirani. Fedha za ziada zilizotumika? Hazikufika dola moja kwa mkazi kwa mwaka. Katika miaka mitano vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Siri ni nini? Utaalamu ulifuata kazi ilipo, chombo kikabaki mkononi mwa mwenyeji, na kulikuwa na mtu wa kurudi kuangalia. Semina zetu zinaishia kwenye kusaini posho. Ripoti inajaza "watumishi kadhaa wamefunzwa", basi. Nani anakwenda kijijini baada ya miezi mitatu kuona kilichobadilika?

Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, wengi tuliuliza nani sasa atalipa. Mimi nauliza: miaka yote ile, ujuzi ulibaki kwa nani?

Na mimi si malaika. Bahasha ya "nauli" niliisaini. Habari niliyopeleka chumba cha habari ilisema semina imefana. Kufuli sikuliandika.

Leo nimeliandika. Naomba kutoa hoja.