Daraja Halipo, Ng'ambo Ingaliko

Wapo wenzetu wa Gitega na Muyinga wasemao kwamba Kiswahili cha masokoni na mitaani mwetu hakistahili kuingia darasani, kwa kuwa Kiswahili safi ni kile cha Unguja peke yake. Twawaomba wenzetu hao watufuate hadi Unguja yenyewe, tukasimame Darajani.

Hapo pana soko, lililofunguliwa mwaka 1904, pana maduka na barabara kuu, daraja halipo. Lakini katika karne ya 19, zama za Malkia Victoria wa Uingereza, palipita mkono wa bahari ulioukata Mji Mkongwe na sehemu nyingine ya kisiwa, na watu wakivuka darajani. Upande wa magharibi zilisimama nyumba za mawe za masultani na matajiri. Upande wa mashariki zilikuwa nyumba za udongo na makuti, za watumwa, wachukuzi, mafundi na watu waliotoka bara, wakiwamo Wamanyema. Upande huo ukaitwa Ng'ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kwa vipindi wakati wa ukoloni, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ukawa nchi kavu. Daraja likakosa kazi, majina yakabaki.

Sasa na tuulize: Kiunguja kilikuwa cha nani? Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja hiyo iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mkazi wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kutia nyimbo zake katika santuri. Lugha iliyosanifiwa ilikuwa ya pande zote mbili za daraja. Anayeidharau ng'ambo kwa jina la Unguja haijui Unguja.

Kwetu nako, Wajerumani walipoifanya Gitega makao yao mwaka 1912, Kiswahili kilifika kwa vinywa vya askari, wachukuzi na wachuuzi. Hata leo wapo watajao neno "Mswahili" kwa maana ya mlaghai. Mwalimu amchekaye mtoto wa mtaani kwa matamshi yake huitia nguvu dharau hiyo.

Hatusemi sarufi iachwe. Upatanisho uliokosewa usahihishwe, na mtihani uandikwe kwa Kiswahili sanifu. Tunalodai ni kwamba mtoto avushwe, asizuiwe: neno la mtaani kwake liandikwe ubaoni, la sanifu liandikwe kando yake, na yote mawili yaelezwe bila kejeli. Na siku ya kufundisha kiambishi cha mahali -ni, mfano wa kwanza uwe Darajani, wanafunzi waelezwe nani walivuka hapo.