Mkubwa Amehamishwa Tawi: Je, Anayefundishwa ni Nani?



Sisi wa relini tukihamishwa twapewa barua asubuhi, na jioni tuko kituoni na sanduku. Changamwe hadi Voi, Voi hadi Nakuru. Mke na watoto watafuata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo si ajabu kuwasikia wengine wetu wakisema, "Bwana huyu ametoka tawi la kampuni yake huko ng'ambo, amehamishwa tu kama sisi. Ruhusa ya nini tena?"

Hapana, ndugu. Kati ya Voi na Nakuru hakuna mpaka wa nchi. Mkubwa anayeletwa kutoka tawi la ng'ambo huombewa ruhusa ya kazi ya daraja la D, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yasema wazi daraja hilo ni la nani: ni la mtu aliyepewa kazi maalum na mwajiri maalum, mwenye ujuzi usiopatikana Kenya, na ambaye kazi yake italeta manufaa kwa nchi. Marekani wana visa ya watu kama hawa tangu mwaka 1970, yaitwa L-1. Hata huko mkubwa hana budi awe ameitumikia kampuni ng'ambo mwaka mmoja mzima katika miaka 3 iliyotangulia, na kwa visa hiyo hawezi kuzidisha miaka 7.

Huku kwetu karatasi za maombi huuliza pia jina la Mkenya anayefundishwa kazi ile. Hapo ndipo penye neno.

Mwenzetu mmoja wa Miritini, fundi wa miaka mingi (yeye hatumtaji, wala kampuni yake), aliitwa ofisini akatakiwa nakala ya kitambulisho na vyeti vya shule. Akaambiwa ni vya faili. Mwaka ukapita na zaidi, ndipo karani alipomnong'oneza kwamba jina lake limo katika karatasi za mkubwa wa karakana, kuwa ndiye anayefundishwa. Kufundishwa! Ofisi ile hajapata kuingia ila siku alipopeleka funguo. Ruhusa ilipokwisha muda ikaombwa nyingine, na jina likawa lile lile. Mkubwa mwenyewe ni mtu mpole, hatuna ugomvi naye. Huenda hata yeye hajui jina hilo. Lakini mshahara wa mwenzetu haujasogea, na huko Idara ya Uhamiaji ahesabiwa kuwa mtu aliyekaribia umeneja.

Wala wasituambie kazi hizi hazifundishiki. Reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, katika injini ya treni ya kwanza iliyotoka Mombasa kwenda Nairobi walikuwamo waendeshaji wanawake, Wakenya, waliosomeshwa China. Walifundishwa kwa sababu ilikusudiwa wafundishwe.

Hatusemi wageni wafukuzwe. Vijana wetu wa Likoni na Kisauni wako Ghuba wakitafuta riziki, nao wajua ni nini kuishi kwa ruhusa iliyo mkononi mwa mwajiri. Mgeni anayefundisha twamkaribisha, na wengine tumewasindikiza kwa huzuni siku ya kuondoka.

Tunalotaka ni hili. Katika mazungumzo ya mapatano yajayo chama chetu kidai kwamba mfanya kazi ambaye jina lake laandikwa kwa ajili ya ruhusa ya mkubwa aonyeshwe karatasi hiyo, atie sahihi kwa mkono wake, na apewe ratiba ya mafunzo yenye tarehe. Ruhusa ikienda kuombwa tena, mwakilishi wa chama aulize: yule aliyeandikwa amefundishwa nini mpaka leo?

Na wewe uliyetakiwa nakala ya kitambulisho bila kuelezwa sababu, mwone katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Jina lako halitatajwa mbele ya watu usipotaka.