Dawa ya Kifafa Haiachwi Ghafla

Wako majirani hapa Baba Dogo wasemao kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Nilidhani upuuzi huo ulikwisha zamani. Lakini mwezi uliopita mpwa wangu wa kike alianguka kando ya jiko la makaa, na watu wazima wakasimama mbali wakitazama mkono ukiungua.

Nami sina usafi. Dawa yake ni fenobabitali, iliyoanza kutumiwa mwaka 1912, ambayo hata mtu wa kibarua aweza kuinunua. Alikaa nayo mwaka mzima bila kuanguka. Ila alisinzia darasani, mwalimu akamwita mvivu, na dada yangu akazificha tembe. Sikumkataza. Kumbe kuikatisha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, hata kuua! Hupunguzwa kidogo kidogo, tena kwa shauri la daktari.

Shirika la Afya Duniani husema hadi wagonjwa 70 katika 100 waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo. Basi usingizi ule ungepelekwa kwa daktari, kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe. Hata kubadilisha kwataka macho. Valproeti ni dawa yenye nguvu, lakini mjamzito akiimeza, kama mtoto mmoja katika kumi huzaliwa na kasoro. Mpwa wangu ana miaka 15. Hakuna aliyepata kumweleza dada jambo hilo, ila mimi, jana jioni, tukimfunga msichana kidonda.