Rangi ya Nyoka na Kichwa Kinachotikisika

Kijana mmoja jirani yangu hapa Nyayo Highrise alinionyesha kwenye simu yake picha za nyoka wanaouzwa Marekani. Mmoja mweupe pe, macho mekundu. Mwengine manjano kama embe lililoiva. Wa tatu madoa yote yamefutika. "Mzee, huyu mmoja anunua pikipiki," akaniambia. Kisha akauliza kwa nini sisi tusiwafuge.

Swali hilo si la kipuuzi. Mmoja wa nyoka wale ni wa kwetu, na hata jina la nchi yetu analo. Ni yule mfupi mnene wa nchi kavu, ajifukiaye mchangani akabakisha macho, ambaye wauzaji wa ng'ambo humwita boa wa mchanga wa Kenya. Hana sumu, na hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Mungu alimpa rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia iliyokoza. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamemchambua hata wakapata asiye na weusi, wakapata na asiye na wekundu. Walipooanisha vizazi vya hao wawili, akatoka asiye na hiki wala kile, wakamwita "theluji". Nyoka wa mchanga wa jua kali, jina lake theluji!

Ndugu msomaji, rangi peke yake mimi sioni uharamu wake. Sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kulaumu. Wazee wetu walichagua kuchi kwa umbo na ukali wake, na Unguja ya zamani punda mweupe wa Maskati alikuwa na thamani kubwa. Tena mwaka 1978, karibu na Watamu, Bibi Jeni Slater aliokota vitoto vya paka wenye michoro kama gome la mti. Baadhi ya kizazi chao walipelekwa Denmark, na leo kuna aina ya paka inayojulikana duniani kwa jina la msitu wetu wa Sokoke. Sijasikia aliyelia kwa hilo.

Ubaya waanza pale uzuri na ugonjwa vinapokuwa kitu kimoja. Yuko chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye maskani yake yanafika hadi Uganda. Akiogopa hujikunja kama mpira. Mwaka 1999 mfugaji mmoja wa Marekani alizalisha chatu huyo mwenye michoro myembamba, wakamwita "buibui". (Si vazi la mabibi zetu wa Mombasa, ni yule afumaye utando.) Wanunuzi walimgombea. Lakini buibui huyo kichwa humtikisika. Akirukia panya humkosa. Akipinduliwa chali, mara nyengine hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Wataalamu waliompiga picha za ndani mwaka 2022 walikuta sikio lake la ndani, lile linalompa kiumbe mizani ya mwili, limeumbika vibaya. Nao wafugaji kwa miaka yote hiyo hawakufaulu kuitenga michoro ile na mtikisiko ule. Anayezalisha kimoja amezalisha na cha pili, naye ajua.

Wanaomtetea husema: mbona anakula, mbona anazaa? Mwenye kusema hivyo na aende Lamu awatazame punda. Punda hula na huzaa akiwa na kidonda mgongoni. Na punda angalau hulia. Nyoka hana sauti ya kumshitakia mtu. Chuoni tulisomeshwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Yule alimnyima paka chakula. Sijui mwalimu wetu angesema nini juu ya anayemnyima kiumbe mizani yake kabla hajazaliwa, kisha akampeleka sokoni.

Yuko atakayenicheka: Mkenya amuonaye nyoka na kumponda kichwa papo hapo, ana haki gani kuwafundisha wengine huruma? Kweli tunawaua ovyo, hata wasio na sumu. Ila huko ni kuua kwa hofu, na hofu huponywa kwa elimu. Bustani ya nyoka pale Makumbusho, Nairobi, imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu 1961. Kumtia kiumbe maradhi kwa sababu ya bei si hofu.

Uingereza, chama kimoja cha wapenzi wa nyoka kilipiga marufuku mwaka 2018 kuuzwa kwa buibui katika maonyesho yake. Hao ni wafugaji wenyewe, si maadui wa biashara. Kwetu sheria ya 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Basi Shirika la Wanyamapori, KWS, linapomwandikia mtu kibali cha kufuga nyoka, liongeze sharti moja: asizalishwe yeyote ambaye michoro yake imejulikana kufuatana na ugonjwa, hata mnunuzi wa ng'ambo akipandisha bei mara kumi.