Usimpime Baharia kwa Bembea Ambayo Hajaipanda

Haya wajameni, leo tupige hesabu kidogo. Hesabu ya kutapika! Usicheke, maana hesabu hii yaweza kumkosesha mtu kazi.

Tangu Chuo cha Bandari kule Mombasa kigeuzwe kuwa Bandari Maritime Academy mwaka 2018, ndoto ya kazi za melini si ya vijana wa pwani peke yao. Kijana wa Pumwani, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, naye anataka kuwa baharia. Swali ni moja: je, bahari itamlevya?

Wanasayansi wana njia ya kukisia jibu. Ni hojaji iitwayo MSSQ, iliyotokana na kazi ya Reason na Brand mwaka 1975. John Golding wa Uingereza aliifupisha mwaka 2006. Unaulizwa kuhusu vitu tisa: gari dogo, basi, treni, ndege, boti ndogo, meli, bembea, pembea ya kuzunguka, na mashine za kurusha watu kwenye maonyesho. Je, vilikutia kichefuchefu? Kamwe ni 0, mara chache 1, wakati mwingine 2, mara nyingi 3. Unajibu mara mbili: kwanza utoto wako kabla ya miaka 12, halafu miaka 10 iliyopita.

Mpaka hapo sawa. Sasa tazama fomula. Alama za kila sehemu hujumlishwa, huzidishwa kwa 9, kisha hugawanywa kwa idadi ya vitu ulivyowahi kupanda. Yaani usichokipanda kinajazwa kwa wastani wa ulivyovipanda.

Mchukue kijana wetu. Utotoni alipanda basi na bembea tu. Basi lilimchafua moyo wakati mwingine (2), bembea haikumfanya kitu (0). 2 mara 9, gawanya kwa 2, ni 9. Ukubwani kapanda basi (2), gari dogo (0) na treni ya kwenda Mombasa (0). 2 mara 9, gawanya kwa 3, ni 6. Jumla 15.

Mchukue mwenzake wa London aliyepanda vyote tisa, naye akachafukwa na basi vilevile, si zaidi. 2 na 2, jumla 4. Alama ya katikati kwa watu waliopimwa na Golding ilikuwa kama 11.3. Basi ni lilelile, kichefuchefu ni kilekile, lakini mmoja yuko juu ya mstari na mwingine chini kabisa! Na aliyekua bila kupanda chochote? Unagawanya kwa sifuri, programu yaweza kufa papo hapo.

Sisemi hojaji ni mbovu. Pengo moja au mawili yanavumilika. Lakini mapengo saba kati ya tisa si kipimo tena, ni ubashiri. Hapo unapima umaskini wa mtu ukidhani unapima sikio lake la ndani.

Tena bahari si matatu. Mwendo unaochafua watu zaidi ni ule wa kupanda na kushuka polepole, mzunguko mmoja kila sekunde tano hivi. Mtikisiko wa matatu kwenye mashimo ni wa haraka zaidi. Na wengi wanaolevywa na bahari huzoea baada ya siku chache. Nelson, amiri mashuhuri wa Uingereza, alisumbuliwa na bahari maisha yake yote, na bado aliongoza vita vya Trafalgar mwaka 1805.

Nasema haya kwa wenzangu tunaoandika programu. Hojaji kama hii unaigeuza kuwa programu ya simu kwa jioni moja, na kesho wakala wa ajira anaitumia kuchuja watu. Ukiiandika, onyesha idadi ya majibu kando ya alama. Mapengo yakizidi matatu, kataa kutoa alama, andika tu: haijulikani. Halafu mpeleke kijana baharini siku tatu nne, umuulize hali yake kila siku. Hicho ndicho kipimo.

Au wewe waonaje? Kompyuta haina haya ya kutoa jibu. Haya inapaswa kuwa yetu sisi tunaoiandikia.